Kwa Pijo Kuukuu hadi Wamunyu na Kurudi

Makanika aliyelikagua gari letu Alhamisi jioni alishika mpira wa juu wa rejeta, akaubinya, akaguna. "Huu umechoka," akasema. "Ubadilishe kabla hujatoka Nairobi." Nami, kwa ubahili ambao mama watoto hajaacha kunikumbusha hadi leo, nikamjibu kwamba Wamunyu si Mombasa. Kesho yake alfajiri tukashika njia.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, niliyoachiwa na marehemu baba. Vijana wa sasa hawaijui sana, lakini wazazi wao waliipanda mno, kwani ilikuwa teksi ya masafa marefu na kila stendi iliitwa Pijo. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na katika Safari Rally ya hapa Kenya jina lake lilivuma mara mbili: mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas aliposhinda na ile ya milango miwili. Ya kwetu haijawahi kushinda chochote. Mama watoto alikuwa ametamka wazi kuwa safari hii ndiyo ingeamua kama tunaiuza au tunabaki nayo.

Wala hatukwenda kutalii. Mama yangu alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho Nairobi Jumatatu asubuhi, miadi aliyoingojea kwa miezi mitano, nasi tulikwenda kumchukua.

Hadi Kyumvi hakuna la kusimulia ila malori. Hapo tukaiacha barabara ya Mombasa, tukakata kushoto kuelekea Machakos, na milima ikaanza kutusogelea. Ni mji wa kale huu. Ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi, lakini reli ikapita mbali nao na wakubwa wakahamia huko mwaka 1899. Tulikunywa chai, tukajaza petroli.

Watoto walikuwa wamenishika shati tangu Nairobi: lazima tupite Kyamwilu. Basi tukapanda njia ya Kituluni, kilomita kama 12 kutoka mjini, hadi mahali ambapo, kwa macho yako mawili, barabara inapanda. Nilizima injini, nikatoa gia, nikaachia breki. Pijo ikatulia kidogo, kisha ikaanza kujivuta yenyewe kuelekea juu, polepole, halafu kwa haraka zaidi, watoto wakipiga mayowe nyuma. Kifungua mimba wetu akamwaga maji ya chupa barabarani, nayo yakatiririka yakipanda mlima. Wanaosomea mambo haya wanaeleza kuwa ni macho yanayodanganywa: miteremko ya pande zote imelificha upeo wa macho, hivyo mteremko mdogo unaonekana kama mpando. Nimeyakubali maelezo hayo kichwani. Nikiwa nyuma ya usukani, injini imezimwa, sikuyakubali hata kidogo.

Baada ya Machakos njia ya Kitui huteremka, na gari lolote linalosonga huonekana jipya kwenye mteremko. Tulipita Masii bila shida, na adhuhuri tukawa Wamunyu, nyumbani kwa wachongaji vinyago. Ufundi huo unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo ukipita hapo utasikia tezo zikilia chini ya miti.

Jumapili tulipakia. Mama, watoto watatu, magunia mawili ya maembe, debe la ndengu, jogoo mmoja aliyefungwa miguu, na twiga wa mti mwenye urefu wa mtoto wa darasa la pili. Hapa nitaisifu Pijo bila kuona haya: nyuma ina springi nne, mbili kila upande, na mzigo ule wote haukuiinamisha. Jua la Januari lilikuwa limewaka kisawasawa.

Tulipoiacha Masii nyuma yetu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Mimi sikuona mlima wa kutisha mbele yangu, barabara ilionekana karibu tambarare. Mshale haukujali nilichokiona. Kisha kikasikika kishindo kama cha chupa ya soda inayofunguliwa, na mvuke ukafunika kioo.

Msomaji, kwa mwinuko wa Machakos, mita 1,600 hivi, maji huchemka yakifika digrii 95, si 100 kama kule pwani. Kifuniko cha rejeta huyabana yasichemke mapema, lakini mpira ukipasuka mbano huo hauna kazi tena. Usikifungue rejeta ikiwa ya moto, itakuunguza uso. Tulingoja dakika 40. Mama aliketi chini ya mwembe na kitambaa machoni kujikinga na mwanga. Hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu: "Mwanangu, tutafika?"

Ufa ulikuwa kwenye ncha, pale panapobanwa na klipu. Nikaikata ncha ile kwa kisu cha maembe, nikausukuma mpira mahali pake, nikakaza. Kijana wa bodaboda alituletea mtungi wa maji, akakataa pesa, akakubali maembe sita. Kisha nikafungulia hita ya gari hadi mwisho, maana nayo huondoa joto kwenye injini, tukapanda kwa gia ya pili, madirisha wazi, jogoo akihema, mama watoto akitazama mbele bila kusema neno. Mshale ulisimama katikati, haukusogea tena. Machakos nikanunua mpira mpya kwa bei ambayo sitaitaja hapa. Tuliingia Nairobi saa tatu usiku.

Jumatatu mama akapasuliwa. Jumanne wakamtoa bandeji, nasi tulipofika nyumbani hakuingia ndani kwanza. Alilizunguka gari la mumewe, akapitisha kiganja juu ya mlango, akainama karibu na gurudumu la nyuma.

"Hii kutu," akasema, "umeiacha tangu lini?"

Mama watoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu Masii. Habari ya kuuza haijatajwa tena, ingawa ile kutu nimeshaagizwa mara mbili niishughulikie.