Pozzuoli na Procida: Mji Upandao na Kushuka

Watu wengi waendao Italia hutaka kuona Roma, na wakipata nafasi huongeza Venice. Mke wangu na mimi tulikuwa na siku tano tu za mapumziko mwezi wa Julai, 2024, baada ya kumzuru shemeji yangu akaaye Napoli. Tulizitumia katika mji mdogo wa pwani uitwao Pozzuoli, na katika kisiwa cha Procida kilicho mbele yake. Wanafunzi wasomao Jiografia watafaidika kujua habari za mji huu, maana ardhi yake hupanda na kushuka kama kifua cha mtu apumuaye.

Msidhani nasema kwa mafumbo. Pozzuoli umejengwa ndani ya volkano kubwa iitwayo Campi Flegrei. Hii si volkano ya mlima wenye kilele kama Kilimanjaro, bali ni bonde pana ambalo sehemu yake imo baharini. Nguvu za moto, mvuke na maji ya moto yaliyo chini huisukuma ardhi juu. Nguvu hizo zikipungua, ardhi hushuka. Mwaka 1538 ardhi iliinuka sana, kisha ikapasuka, na kwa muda wa kama wiki moja kilima kizima kikazaliwa. Mpaka leo kinaitwa Monte Nuovo, yaani Mlima Mpya.

Siku ya kwanza tulikwenda kutazama nguzo tatu za marmari zilizo karibu na bandari. Zina urefu wa mita zipatazo 12, na ni mabaki ya soko la Warumi. Zilipofukuliwa mwaka 1750 ilionekana hapo sanamu ya mungu wao Serapis, ndiyo maana kwa muda mrefu watu walidhani ni hekalu. Sehemu ya chini ya nguzo ni laini, lakini juu ya kimo cha watu wawili pana matundu mengi yaliyozunguka kama mshipi. Matundu hayo yalitobolewa na kome wa baharini, wale wajichimbiao makao ndani ya mawe.

Je, kome walifikaje huko juu? Hawakupanda wao. Soko lilizama baharini pamoja na nguzo zake. Sehemu ya chini ikafukiwa na udongo, na ile iliyokuwa ndani ya maji ikatobolewa. Baadaye ardhi ikainuka tena, polepole hata nguzo zisianguke. Mtaalamu Charles Lyell aliiweka picha ya nguzo hizo mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha mwaka 1830. Wasomaji wa Biblia wanaujua mji huu kwa jina la Puteoli: hapo ndipo Mtume Paulo aliposhuka alipokuwa akipelekwa Roma.

Lakini nguzo ni mawe, na mimi nataka kueleza habari za watu. Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sitini na kitu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini mikono yake ilisema yaliyosalia. Alizaliwa katika mtaa wa kale wa Rione Terra, ulio juu ya mwamba kando ya bandari. Tarehe 2 Machi, 1970, askari walikuja na magari kuwahamisha wenyeji wote, kwa kuwa ardhi ilikuwa ikiinuka. Yeye alikuwa mtoto wa miaka saba. Mama yake alikuwa amefua asubuhi ile, na nguo zikabaki kambani. Hawakurudi kukaa huko tena. Siku hizi mtaa huo umetengenezwa vizuri, na wageni kama sisi huingia kuutazama.

Kati ya mwaka 1982 na 1984 ardhi iliinuka tena karibu mita 1.8. Maji ya bandari yakapungua kina hata boti zikakwama, na watu makumi ya maelfu wakahamishwa, wengi wao kupelekwa katika mtaa mpya wa Monterusciello. Tangu mwaka 2005 ardhi imeinuka kwa mara nyingine, zaidi ya mita moja. Tarehe 20 Mei, 2024, kabla ya safari yetu, palikuwa na tetemeko lenye nguvu ya 4.4.

Usiku wa pili vikombe viligongana kabatini. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, amka, nyumba inatikisika." Tulipotoka ukumbini tulimkuta mama mwenye nyumba amekwisha vaa viatu, mkoba begani, amesimama mlangoni. Aliitazama simu yake asome vipimo vya wataalamu wa Osservatorio Vesuviano, kituo kilichoanzishwa mwaka 1841, ambacho huipima ardhi hiyo usiku na mchana. Tetemeko lilikuwa dogo. Akauweka mkoba mahali pake na kututengenezea kahawa.

Asubuhi alitupa kikapu cha mikate na jibini tumpelekee binti yake aliyeolewa Procida. Kivuko huchukua chini ya saa moja. Kisiwa ni kidogo, kama kilometa za mraba nne, na watu wake wapata elfu kumi. Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Corricella hapaingii motokaa. Nyumba zimepandana juu ya bandari, nyingine rangi ya waridi, nyingine manjano, nyingine buluu. Husemwa kwamba zilipakwa hivyo ili kila mvuvi aitambue nyumba yake akiwa mbali baharini. Juu kabisa lipo jumba la kale lililokuwa gereza mpaka mwaka 1988.

Yule binti alitukaribisha saladi ya malimau. Malimau ya huko yana nyama nene nyeupe chini ya ganda, nayo huliwa kwa mafuta ya zeituni, nanaa na pilipili. Tulipokwisha kula alimshika mke wangu mkono. "Dada," alisema, "mwambieni mama aje kukaa hapa. Kila simu ikilia usiku moyo wangu husimama." Macho yake yalijaa machozi. Mke wangu alimwahidi kwamba tutasema.

Jioni tulirudi na mfuko wa malimau, na mke wangu akautoa ujumbe kwa upole. Mama aliyapokea malimau. Kisha akasema, "Mwaka 1970 walituambia tuondoke, tukaondoka. Mwaka 1983 wakatuambia tena, tukaondoka. Wakiniambia mara ya tatu nitaondoka siku ile ile, na mkoba wangu uko tayari. Lakini sitaondoka kabla sijaambiwa. Hapa ndipo kaburi la mume wangu, na hapa ndipo ninapojulikana."

Mke wangu aliona kwamba binti ndiye mwenye haki, maana mzazi ni mmoja tu na mji waweza kujengwa pengine. Mimi niliona kwamba mama naye ana haki, maana hakuwa mtu wa kupuuza hatari. Tuliyazungumza hayo mpaka siku ya kurudi, wala hatukukubaliana.

Wako kwetu pia wakaao mabondeni na kandokando ya mito, nao huulizwa kila masika kwa nini hawahami. Kabla ya kuwacheka, yafaa kuwauliza kama mama yule angeulizwa: unajua hatari iliyopo? Ni nani akupaye habari za kweli? Viatu vyako viko wapi usiku? Ajuaye kuyajibu maswali hayo matatu si mpumbavu, hata kama mtoto wake analia ng'ambo ya maji.