Harusi Mombasa: watoto watembezwe wapi?

Mgeni wa harusi kutoka bara huwa na asubuhi moja tu ya kutembeza watoto. Aanze mapema Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, kabla jua halijawa kali. Akitoka hapo, vichochoro vya Mji wa Kale viko hatua chache. Familia ivae kwa heshima.

Jioni ya kabla ya harusi, bustani ya Mama Ngina ina upepo wa bahari, mibuyu, madafu na mihogo ya pilipili na ndimu.

Diani isubiri harusi iishe. Foleni ya feri Likoni haijali kadi ya mwaliko, na nikaha haimngojei mgeni.