Mzee wa Unguja, Mnada wa London

Machi 2011, katika mnada wa kampuni ya Bonhams jijini London, picha ya mzee mmoja wa Zanzibar ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 3. Hujakosea kusoma, ni pauni. Mzee mwenyewe hakuwa sultani wala waziri. Ni mtu aliyekubali kukaa mbele ya mchoraji mwaka 1945, akachorwa, akaenda zake nyumbani. Picha ikapewa jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni “Padri Mwarabu”.

Hapo ndipo nilipocheka. Padri wa Kiarabu, Unguja? Mtoto yeyote wa pwani atakwambia huyo ni sheikh, au mwalimu wa chuo, au babu wa mtu tu aliyevaa vizuri siku ya Ijumaa. Aliyetoa jina hilo alikuwa na jicho kali kuliko sikio. Na jicho lake, kusema kweli, lilikuwa kali mno.

Aliitwa Irma Stern. Kama wewe na mwenzi wako ni watu wa kuvuka na boti kila mkipata wikiendi ndefu, mkapiga picha mbele ya mlango wa Kizanzibari halafu mkakimbilia Nungwi, safari ijayo nendeni na jina hili mfukoni. Mji Mkongwe utawaonekea tofauti.

Alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Afrika Kusini, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Vita vya Makaburu vilipopamba moto, Waingereza walimweka baba yake kizuizini, na baadaye familia ikahamia Ujerumani. Binti akakua hivyo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Alisoma uchoraji Weimar na Berlin, akapata mlezi wa kazi, mchoraji Max Pechstein, mmoja wa wale vijana wa Kijerumani waliokuwa wakipaka rangi namna wanavyojisikia, si namna kitu kinavyoonekana. Mwaka 1920 akarudi Cape Town na mzigo wa picha za aina hiyo. Mwaka 1922 akafanya maonyesho. Weee! Watu walicheka, gazeti likaandika kwamba huyu dada anaabudu ubaya, na polisi wakaja kukagua kama kuna uchafu wa kimaadili ukutani.

Najua wasomaji wa kurasa hizi mnasubiri habari za ndoa. Ilikuwepo. Mwaka 1926 aliolewa na Johannes Prinz, aliyewahi kumfundisha na ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kijerumani. Mwaka 1934 wakaachana. Hawakuwa na mtoto. Zamani hizo, na hata leo kwenye vikao fulani vya familia, mwanamke wa miaka 40 aliyeachika bila mtoto huhesabiwa kama mtu aliyefika mwisho wa kitabu. Kumbe kwake ndiyo kwanza kurasa nzuri zilikuwa zinaanza. Mwaka 1939 alikwenda Zanzibar. Mwaka 1942 Kongo. Mwaka 1945 Zanzibar tena. Alitoa vitabu viwili vya safari hizo, alivyoviandika na kuvichorea mwenyewe: Congo mwaka 1943, na Zanzibar mwaka 1948. Ukiniuliza mimi, hakuwahi kuchora vizuri kuliko miaka hiyo.

Kwa nini Zanzibar? Tangu Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Irma, kama Myahudi, alikataa kukanyaga Ujerumani au kuonyesha kazi zake huko mpaka utawala ule ulipoanguka. Nchi iliyomfunza kazi ilikuwa imemgeuka. Akageuza uso kaskazini ya bara lake mwenyewe, akakuta kisiwa chenye bandari, majahazi, vitambaa, wazee wa kanzu na vilemba, na wanawake wa Kihindi na Kiarabu. Yeye alikuwa mchoraji wa mandhari na wa nyuso pia, lakini Unguja nyuso zilishinda. Alipaka rangi nzito, karibu kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, ili ngozi ya mzee ionekane ina uzito na miaka.

Halafu alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipende au linikere. Alichukua mbao za nakshi, zile za fremu za milango yetu, akazifanya fremu za picha zake. Kwa hiyo mzee wa Unguja anakaa ndani ya mlango wa Unguja, milele, ukutani kwa mtu mwingine.

Nyumba ya Cape Town

Mwaka 2018 tulikuwa Cape Town, mimi na mume wangu, kwenye ile safari ya miaka mitano ya ndoa ambayo yeye aliipangia mvinyo na ufukwe. Nikamwomba asubuhi moja tu. Tukachukua teksi hadi Rosebank, kwenye nyumba iitwayo The Firs, ambako Irma aliishi tangu 1927 hadi alipofariki mwaka 1966. Wakati huo ilikuwa jumba la makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town.

Sikuwa nimeandaliwa kwa mlango. Unafika kwenye mtaa wa kizungu kabisa, miti mikubwa, ukuta, baridi ya asubuhi, halafu unaingia ndani kupitia mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Mume wangu akasema, “Mama, tumerudi Shangani.” Tukacheka. Ndani, studio yake ilikuwa imeachwa kama alivyoiacha, brashi na rangi mahali pake. Kuna vitu alivyokusanya safarini, pamoja na kigoda maarufu cha Waluba wa Kongo, kinachobebwa kichwani na sanamu ya mwanamke. Na kuna picha za Zanzibar. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyealikwa harusini asiyemjua bwana wala bibi harusi, lakini anaona sura zote anazifahamu.

Tatizo langu lilikuwa vibandiko. Mwarabu huyu, mwanamke yule. Majina, hakuna.

Nisimwonee. Katika nchi ambayo mtu mweusi au wa rangi alichorwa kama sehemu ya mandhari, yeye aliwaweka mbele, wakubwa, wenye heshima usoni. Lakini pia alikuwa mzungu wa Cape Town aliyesafiri kutafuta uzuri wa mbali, na mtu anayetafuta uzuri si lazima aulize jina. Mambo yote mawili ni kweli, na sioni sababu ya moja kulifuta lingine.

Pesa na jikoni

Picha zenyewe zimetembea kuliko mimi na wewe. Oktoba 2010 picha ya binti wa Kibohora wa Zanzibar, ya 1945, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Miezi michache baadaye ndipo ikaja ya yule “padri”, iliyonunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Qatar. Mamlaka ya urithi ya Afrika Kusini ikasita kutoa kibali cha kuiondoa moja kwa moja, kwa hoja kwamba ni urithi wa taifa lao. Angalia vizuri hapo: uso ni wa Unguja, fremu ni ya Unguja, na wanaobishana ni Pretoria na Doha.

Ninayoipenda zaidi ni ya tatu. Picha moja ambayo Irma aliichora Zanzibar mwaka 1939, ya Mwarabu aliyevaa nyeusi, ilitolewa iuzwe kuchangia utetezi wa washtakiwa wa kesi ya uhaini iliyoanza 1956, Nelson Mandela akiwa mmoja wao. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa mnada aliikuta London, ndani ya fleti, jikoni, inatumika kubandikia barua na bili. Mwaka 2015 ikapelekwa mnadani. Mzee wetu alisaidia kuwatetea wapigania uhuru, kisha akatunza bili za umeme za watu.

Kwenye baraza

Mwaka jana nilikuwa Unguja kikazi. Baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, ndio wakati mzuri wa kutembea: anzia Forodhani, pita Hurumzi, ingia Kiponda, usitumie ramani. Kwenye baraza moja alikuwa amekaa mzee na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia, “Shikamoo babu.” “Marahaba mwanangu, wajambo?” Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia wanamwita padri.

“Padri!” Akaivuta simu karibu na macho. “Huyu mtu wa msikitini huyu. Na alikuwa na jina lake. Hawakumuuliza?”

Akamwita mwenzake wa nyumba ya pili. Mmoja anasema amefanana na watu wa Malindi, mwingine anasema la, angalia pua, hao ni watu wa Kokoni. Wakabishana kama wanavyobishana juu ya mpira, mimi nimesimama na simu yangu haionekani kurudi. Mwisho babu akanitajia namba ya dada yake aliyeko Muscat tangu miaka ya 60. “Yule ndiye mwenye kumbukumbu za watu. Mpelekee.”

Nikatuma palepale, WhatsApp. Zilipita siku 3 kimya. Ya nne akajibu kwa sauti, taratibu: huyo bado anamfikiria, asije akamsingizia mtu, ila nimtumie na yule binti wa Kibohora, maana mtaani kwao walikuwa majirani wa Mabohora nyumba mbili.