Mfuko wa Changarawe ya Vito: Cheza na Mwanao, Ila Kaa Karibu



Swali la wiki hii limetoka kwa akina mama walioko Marekani. Huko inauzwa mifuko ya changarawe ya vito. Unanunua, unaenda kuosha na kuchambua na watoto nyumbani, na mtakachokiona ni chenu. Wanauliza, je, ni salama kwa mtoto? Mwingine akaongeza kwa sauti ya chini: nesi, kuna utajiri humo?

Nianze na hilo la utajiri maana ndilo jepesi. Changarawe inayojulikana sana hutoka jimbo la Montana, eneo la Rock Creek karibu na mji wa Philipsburg, ambako yakuti samawi imechimbwa tangu miaka ya 1890. Yakuti zipo kweli. Ila nyingi ni ndogo, na rangi yake imepauka, ya bluu iliyochanganyika na kijani. Wenye kazi yao huzichoma kwanza kwenye joto kali ndipo rangi ikolee, halafu zikatwe, na yote hayo ni pesa. Kule Franklin, North Carolina, wapo wanaouza ndoo zilizoongezewa, yani vito vya kwingine vimechanganywa na udongo ili mtoto asiondoke mikono mitupu. Si vibaya kama wamekuambia. Wewe uliza kabla hujalipa: ni changarawe ya hapa hapa au imeongezewa? Ukinunua, hesabu kwamba umenunua mchana mmoja wa kucheza na wanao.

Mimi nimejaribu. Mdogo wangu wa kiume alipokuja likizo alinibebea mfuko mmoja. Tulikaa barazani na wanawe, beseni la maji katikati, chekeche mkononi. Unazamisha chekeche ndani ya maji, unalitikisa huku na huku, unalipandisha na kulishusha. Yakuti ni nzito, kama mara moja na nusu ya jiwe jeupe la kawaida la ukubwa huohuo, kwa hiyo inashuka chini na kujikusanya katikati. Ukishatikisa vya kutosha, unapindua chekeche kwa mara moja juu ya taulo, kama unavyopindua chapati. Kilichokuwa chini kinakuja juu. Hapo wote wanainamisha vichwa.

"Shangazi, hili?"

"Hapana."

"Na hili je?"

Ni kuchagua mchele kinyumenyume: kwenye ungo unatupa jiwe, hapa jiwe ndilo unalolitafuta. Tuliokota vipande saba. Mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, alikataa yakuti akajichagulia kijiwe chekundu cha bure, akasema chake ndicho kizuri. Nikamwachia.

Sasa nivae gauni la kazi, maana nimeshashika sana tochi ya kuangalizia pua na masikio ya watoto.

Mtoto wa chini ya miaka 3 asikae kwenye mchezo huu kabisa. Kila kitu kwake kinapitia mdomoni. Wa miaka minne, mitano, acheze ukiwa pembeni yake, siyo ukiwa jikoni. Mkimaliza, fagieni, mawe yaingie kwenye chupa yenye kifuniko.

Changarawe ichambuliwe ikiwa imelowa. Usiichekeche kavu, usiipeperushe. Vumbi la mawe likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya.

Jiwe likiingia puani, usichokonoe. Ukichokonoa unalisukuma ndani. Kuna njia inaitwa busu la mama: mtoto afungue mdomo, mdomo wako ufunike wake wote, ziba tundu la pua lililo zima, kisha pulizia kidogo. Ukihisi kama hewa inagoma, pulizia mara moja kwa haraka. Mara nyingi kitu hutoka. Kisipotoka baada ya kujaribu mara moja au mbili, hospitali. Na ukiona pua ya upande mmoja inatoa uchafu wenye harufu mbaya, usiseme ni mafua tu. Kuna kitu humo.

Likiingia sikioni, hakuna kijiti cha pamba, hakuna mafuta. Nenda hospitali.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usiondoke. Akishindwa kukohoa, kulia au kuongea, mwinamishe umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Bado? Kama ameshavuka mwaka mmoja, simama nyuma yake, bana tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia hivyo, na mtu mwingine aombe msaada. Wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: baada ya mapigo ya mgongoni, bonyeza katikati ya kifua mara 5.

Najua pia wapo wanaonisoma ambao kuchekecha siyo mchezo. Kule Mererani, kwenye tanzanaiti, wapo akina mama wanaochambua udongo uliotolewa mgodini ili wapate chakula cha jioni. Ninyi sina ubavu wa kuwaambia muache. Naomba haya tu: ukiweza kupata maji, lowesha. Kaa upande upepo unakotokea, vumbi liende mbali nawe. Mtoto wa mgongoni abaki kwa bibi au jirani. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu.

Na watoto wakubwa waende shule. Kule kulikuwa na wavulana walioitwa "nyoka" kwa sababu waliingizwa kwenye mashimo membamba ambayo mtu mzima hapiti. Wa kwangu barazani alipochoka alinawa mikono akaenda kula. Mtoto asiyeweza kuinuka hivyo, huyo hachezi, anafanya kazi.

Maswali yaacheni kwenye komenti, nitajibu nikitoka zamu. Na hiyo ya busu la mama, mfundishe na baba wa nyumbani. Siku hiyo huenda yeye ndiye yupo.