Simu Ikinyamaza Baharini

Wengi wetu tukisafiri hatuogopi mawimbi kama tunavyoogopa kimya. Mtoto ana homa, baba hajui dawa iko wapi, na simu haishiki. Hayo ndiyo tuliyozungumza sisi wauguzi wanne tulipotoka Kilifi kwenda Lamu kwa boti ya matanga, mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukitusukuma.

Hori la Kilifi ni tulivu, na vyombo vya wageni hutia nanga humo miezi mingi. Hapo mtandao si shida: kadi ya simu ya Kenya na bando la kawaida vinatosha. Shida huanza pwani inapokuwa mbali, kwa maana mawimbi ya simu hayapindi vizuri kuufuata mviringo wa dunia. Simu iliyo mita 2 juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita 5. Ikipandishwa mita 10, upeo unazidi kilomita 11. Basi nahodha alitia simu moja ya zamani katika mfuko usiopitisha maji, akaipandisha mlingotini kwa kamba kama bendera. Simu zetu zote zikapata mtandao kutoka kwake. Bando moja, watu watano!

Tuliizima video, tukazuia programu zisijisasishe zenyewe. Ramani na hali ya hewa tulikuwa tumekwisha kuzihifadhi bandarini. Hivyo bando lilitutosha kwa ujumbe mfupi wa nyumbani.

Baada ya Malindi tulikata Ghuba ya Ungwana, mbali na ufuo. Hapo mlingoti nao ulishindwa. Tangu mwaka 2023 Starlink inapatikana Kenya, na satelaiti zake hufika pasipo na mnara. Lakini mtambo wake hula betri, na malipo ya kutumia baharini ni makubwa kuliko ya nyumbani. Kwa safari ya siku chache, tuliona afadhali kuvumilia kimya.

Kimya hicho kiandaliwe. Kabla ya kuondoka, patana na wa nyumbani siku na saa ya kutegemea ujumbe, ili wasihangaike bure. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, dawa za kila mtoto, kipimo chake, na njia ya kwenda hospitali. Waeleze kwamba mtoto mchanga akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea asiamke, apelekwe mara moja. Wasingoje mama apatikane.

Na ninyi mlio chomboni, msitegemee bando kuokoa maisha. Ulizeni kabla ya kung'oa nanga kama redio ya VHF inafanya kazi. Chaneli ya 16 ndiyo ya kuombea msaada baharini, na haidai bando.