Aliyeulizwa Mbele ya Watu

Wahenga wamesema ukweli unauma. Mimi naongeza kwamba ukweli una gharama, na mara nyingi haulipiwi na msemaji peke yake. Hili nililijua tangu nikiwa kijana hapa Kibaigwa, lakini sikulielewa mpaka nilipotazama sinema moja ya zamani pamoja na baba yangu.

Sinema hiyo ni The 39 Steps, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1935 na Alfred Hitchcock kutokana na riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915. Sinema zilikuwa zimeanza kusema miaka michache tu kabla ya hapo, na Hitchcock alijua kuichezea sauti. Mwanamke anakuta maiti, anafungua kinywa apige yowe. Badala ya yowe tunasikia mlio wa garimoshi linalomkimbiza Richard Hannay kwenda Scotland. Baba alicheka. "Hebu rudisha," akasema. Nikarudisha mara tatu.

Baba hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake. Nilimweleza kwamba Hannay anasingiziwa kuua, na kwamba anawatafuta majasusi ambao mkuu wao hana pingili ya mwisho ya kidole kidogo. Jambo moja hakuhitaji kuelezwa. Njiani Hannay hupiga mluzi wa wimbo asioukumbuka aliusikia wapi. "Ni wa yule wa maswali," baba akasema, kabla Hannay mwenyewe hajakumbuka.

Yule wa maswali ni Mr Memory, mtu wa jukwaani anayekariri mambo mapya 50 kila siku na kujibu lolote aulizwalo na watazamaji. Majasusi wameificha siri ya injini ya ndege kichwani mwake, bila karatasi. Mwishoni, katika ukumbi wa Palladium jijini London, Hannay anamwuliza kwa sauti: ngazi 39 ni nini? Mr Memory anasita. Akijibu amekwisha. Lakini ameulizwa mbele ya watu, na kazi yake ni kujibu. Anaanza kujibu, na risasi inamkata kauli.

Nilisimamisha picha. Zamani baba alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja wa mahindi, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Siku moja mama mmoja mzee alimwuliza mbele ya foleni ya wakulima, "Karani, mizani hii inasema kweli?" Baba alikaa kimya kidogo, kisha akajibu, "Hapana, mama. Inakula kilo sita kila gunia." Jioni ile hakuwa na kazi. Muhula uliofuata mimi sikurudi sekondari, kwa kuwa ada ilikosekana. Kwa miaka mingi nilimlaumu moyoni. Angeweza kujifanya hakusikia.

"Huyu angenyamaza angepona," nikamwambia.

"Si ameulizwa?" akajibu. Halafu, bila kunitazama, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba kilo zile alikuwa amezila msimu mzima, akiandika namba za uongo kwa mkono wake, na hakuna aliyemwuliza.

Msomaji mpenzi, nilidhani baba alikuwa shujaa mkaidi. Kumbe alikuwa kama Mr Memory, mtu wa kawaida aliyekubali kubeba siri ya wengine, mpaka swali lilipomkuta hadharani. Nimejiuliza tangu hapo ni wangapi tunaowaona waongo, kumbe wanasubiri mtu mmoja tu wa kuwauliza.

Niliiachia picha iendelee. Mr Memory, akiwa anakata roho, anaitaja siri yote, tarakimu kwa tarakimu, kisha anamwuliza Hannay kama amepatia. Hannay anamwambia amepatia.

Sinema ilipokwisha, baba alikohoa. "Kuhusu ile shule yako," akaanza.

"Ulijibu sawa, baba," nikamwambia.