Ncha ya Boriti

Boriti haianzi kuoza katikati, pale inapoonekana. Huanzia nchani, ndani ya ukuta, jicho lisipofika. Ndiyo maana nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja huwaduwaza wenyewe: jana dari ilikuwa juu, leo imo sebuleni, na watu wanaulizana imekuwaje ilhali hapakuwa na ufa.

Nyumba ya babu yetu iko humo, mtaa wa Malindi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi cha mtoto kulala dirishani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu ya mikoko: boriti yake haizidi sana mita tatu, basi na chumba hakikuzidi. Harusi, ugonjwa na maiti za ukoo wetu zote zilipita katika upana huo.

Chokaa iliwachosha wazee. Inabanduka, inataka kupakwa tena na tena, inamwachia weupe mgongoni anayeiegemea. Saruji ikaja kama dawa. Plasta ikapigwa nje na ndani, ikatulia, na kwa miaka mingi hakuna aliyeigusa. Tukashukuru. Kumbe ukuta wa matumbawe hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia yatoke kidogo kidogo, saruji huyafungia. Fundi mmoja mzee aliutazama ukuta wetu akasema tumeuvisha koti la mpira. Unyevu uliokosa njia ulijikusanya kwenye ncha za boriti, na mchwa wakaufuata.

Mawe yaliyoanguka pamoja na dari hayajapotea, yamerundikwa uani, na fundi anasema mengi yatarudi ukutani. Msiba wangu uko kwingine. Kila ilipokaribia Sikukuu, ami zangu walipanda ngazi na ndoo za chokaa, na bibi chini akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Palipolia utupu aliwaonyesha. Hakuwa fundi. Alikuwa tu mtu anayeishi na ukuta unaomhitaji. Saruji ilipoingia, kugonga kukakoma, na alipofariki hapakuwa na aliyeona kuna elimu iliyozikwa naye. Tulidhani tumepumzika.

Nyumba za jirani zina hadithi nyingine. Nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zikajaa wapangaji, na paa likawa la wote. La wote halipandiwi ngazi. Zetu sisi tulioachiwa zikafia kwenye mirathi. Warithi wako Dar, Muscat na London, kila mmoja ana sehemu yake ya nyumba, na hakuna mwenye sehemu ya kuvuja.

Wala si nyumba za watu tu. Jumba la Maajabu la hapa mjini, lililojengwa 1883, lilivuka mizinga ya Waingereza ya 1896. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Niliwalilia watu kwanza. Jengo nililililia baadaye, tena kwa kificho, maana nani analia jengo mbele ya wafiwa?

Sasa tunabishana kuhusu nyumba yetu. Kaka yangu anataka zege ghorofa ya juu: haraka, na chumba kitapanuka. Mimi naogopa uzito wake juu ya kuta zilizozoea miti, na chuma chake katika hewa hii ya chumvi. Fundi anataka plasta yote ibanduliwe, kisha ukuta uachwe uchi ukauke. Miezi mingapi, hasemi; anasema ukuta ndio utakaojibu. Chokaa yake nayo bado imo shimoni inalainika. Ndugu wanapiga simu kuuliza kazi imefika wapi, na ni vigumu kuwaeleza kwamba pesa tuliyolipa mwezi huu ni ya kusubiri.